Sanduku Letu la Bure

Mwende mwanangu,

Umeenda kwa Mama Njeri kusukwa nywele, na kwa zile nyuzi nyembamba ulizozitaka najua hutarudi kabla ya giza kuingia. Baba yako ameshuka Kariobangi kutafuta kufuli la begi lako. Nyumba imebaki na mimi na moshi wa jalala, ambao leo umeamua kuja upande wetu. Nimefunga dirisha, nimeketi, nimechukua kalamu. Ningeweza kwenda ukumbi wa kanisa kukuandikia kwa kompyuta, maandishi safi yasiyofutwafutwa. Sitaki. Hii nataka isomwe na mtu mmoja.

Utaikuta ndani ya ile sweta ya kijani. Nimeiweka humo makusudi, kwa sababu najua hutaitafuta sweta mpaka ndege iwe juu na uanze kuhisi baridi, na wakati huo hutaweza kuniambia, "Mum, umeanza tena." Nimeanza tena, mama. Nisikilize kwa kuwa huna pa kukimbilia.

Habari za kula na kuvaa sitakuandikia. Unapika kunishinda, na kuhusu wanaume ulishanisikia hadi ukawa unanimalizia sentensi. Nataka tu kukuambia kwamba naogopa. Naogopa tangu siku ile mliporudi kutoka mjini wewe na baba yako mkicheka, na kila siku woga unaongezeka badala ya kupungua. Sijawahi kuwaona hao wanaokuajiri. Wewe umemwona yule bwana wa ofisi ya ghorofani, mwenye tai na kikombe cha chai, aliyechukua pasipoti yako akasema ataishika yeye ili isipotee. Basi. Hata jina la hoteli linabadilika kila mkimuuliza. Sisi hatujui lolote juu yao, nao wanatujua mpaka ndani ya sufuria.

Juzi nilijaribu kukueleza walitujuaje, lakini tulikuwa tunapigiana kelele na sikusema nikaeleweka. Acha nieleze polepole, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kupanga barua.

Unajua mimi ni mpiga taipu. Kabla sijawa mama yako nilikuwa mpiga taipu, na kazi hiyo ilinilea kama nilivyokulea wewe. Mwanamke aliyetusimamia kule kazini, Bi Agnes, hakutufundisha vidole tu. Alitufundisha kwamba barua ikishatoka kwenye mashine, sisi hatukuiona. Nimepiga barua za watu kufukuzwa kazi, kisha saa ya chakula nikaketi nao, nikawapitishia chumvi, na hawakusoma kitu usoni pangu. Nimepiga mambo ya mabosi na wake zao ambayo yangeweza kuangusha nyumba nzima. Hata siku walipotupunguza, nani unadhani alipiga zile barua? Niliipiga yangu pia. Niliipiga bila kosa hata moja, nikaipeleka kutiwa sahihi, nikarudi kwenye kiti kungoja iletwe.

Nakuambia haya si kujisifu. Hapo ndipo nilipopotea. Nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba chombo kinachobeba maneno ya watu kina adabu. Mashine ya taipu ina adabu. Hata posta, pamoja na uvivu wake, ina adabu yake. Kompyuta zilipoletwa ukumbini nilidhani ni taipu yenye kioo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipata barua. Mtaa mzima sanduku moja la posta, la kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada Mzee Kariuki anasimama pale mlangoni na bahasha mkononi, anaita majina, na wewe ukiwa mdogo unakimbia kuchukua yetu hata kama haipo. Hakuna aliyeona ubaya. Nani huku kwetu angelipia sanduku lake peke yake? Barua ya mtu ilikuja na jina lake juu, Mzee Kariuki hakuwahi kufungua hata moja, na maisha yakaendelea.

Kisha akaja Felix, yule kijana wa kampuni, na kompyuta mbili na ule waya wa kuunganisha kwa simu ya ofisi ya kanisa. Barua pepe za bure kwa mtaa mzima. Wazee wa kanisa walishukuru mpaka wakaomba apande mbele asalimie. Mimi nikaitwa kwa sababu najua vidole, na kwa sababu nilikuwa nimekaa nyumbani bila kazi nikihurumiwa na kila mtu. Siku ya kwanza nilimuuliza Felix mbele yao.

"Na nani analipa simu?"

"Hao wa matangazo, mama. Wewe usijali. Wewe kwako ni bure kabisa."

"Wanalipa ili iweje?"

"Wanalipa ndio wakujue," akasema, na kila mtu akacheka, hata mimi. Tuliona ni heshima, mtu wa mjini kulipa apate kutujua sisi wa Dandora.

Sasa sikiliza kosa tulilofanya, maana sidhani kuna mtaa mwingine duniani uliolifanya. Felix alisema kila mtu anaweza kupata anwani yake mwenyewe, na ni bure. Wazee wakashauriana. Mzee Kariuki akasema za nini zote hizo, sanduku moja limetutosha tangu zamani, litatutosha hata hili. Nami nikaona ana akili. Lakini ile kompyuta haikutaka jina la kanisa, ilitaka mtu. Mwanamke au mwanamume, umri, kazi, ameolewa au la, ana watoto wangapi. Basi nikajiandika mimi. Tangu siku hiyo kila barua iliyotoka mtaani ilitoka kwa jina langu, na chini nikaandika ni ya nani, kama tulivyozoea kuandika kwenye bahasha.

Nikapiga barua za watu. Walikuja wakaketi karibu nami kwenye benchi, wakanong'ona, nikapiga, nikasahau, kama Bi Agnes alivyonifundisha. Jioni kompyuta inapiga simu mjini, inalia ile sauti yake ya bata, inamwaga za kwetu na kuleta za wenzetu. Na juu ya kioo kuna kale kamstari ka matangazo. Mwanzoni kalikuwa ka sabuni na benki tu.

Halafu unakumbuka vituko. Mzee Kariuki alimwandikia mwanawe kwamba upweke umemshinda na angependa kuoa tena. Mama Njeri akamwandikia dada yake kwamba amejifungua pacha. Mwenzetu mmoja akaandika kuhusu kusafirisha maiti kwenda Kitui. Kale kamstari kakaanza kunionyesha magauni ya harusi, nepi, na mabasi ya kukodi ya matanga, yakifuatana. Kisha wakaanza kuja mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimejaza hata namba ya nyumba. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alikuja na katalogi akanipongeza kwa ndoa yangu na kwa watoto wangu pacha, kwa pamoja, bila hata kupepesa macho. Baba yako alikuwa ameketi pale, na singleti yake.

"Huyu ndiye bwana harusi?" akauliza.

Wewe ulicheka mpaka ukalala sakafuni. Mtaa ulinitania wiki nzima, Mama Mwende ameolewa tena, Mama Mwende amezaa uzeeni. Alipokuja yule wa majeneza ndipo baba yako alipomtoa kwa maneno makali, lakini hata hilo tulilicheka baadaye.

Siku moja Felix alikuja amefurahi. Akaniambia kwamba kule kampuni yao mimi ndimi mteja bora kuliko wote wa Eastlands. Akanieleza nilivyo, kama wanavyonijua. Mimi ni mama wa pacha wachanga. Niko karibu kuoa. Nimefiwa. Natafuta shamba Yatta, nina kifua kibovu, mume wangu amepunguzwa kazi ya udereva. Nikamwambia, Felix, huyo si mimi, huyo ni kanisa zima.  Akaniomba nisimwambie mtu kule juu, maana wakijua watu ni wengi na anwani ni moja watafunga ukumbi. Niliwaambia wazee. Wakasema acha iamini inachoamini, muradi barua zinafika. Nami sikubisha. Niliona ni mashine pumbavu, na unawezaje kuogopa kitu kinachodhani Mzee Kariuki ananyonyesha?

Hicho ndicho kinachoniuma, Mwende. Ilikosea kwa kila mtu. Ilikosea mpaka ikanizoesha kuicheka. Halafu ikapatia mara moja tu, na hiyo mara ilikuwa kwako.

Ni mimi niliyemwandikia mjomba wako Mombasa. Ulikuwa umekaa nyumbani tangu umalize kidato cha nne, unaosha vyombo vilivyooshwa, unaamka ukiwa huna pa kwenda. Baba yako naye alikuwa amesimamishwa kazi. Nilimwandikia ndugu yangu kama mtu anavyomwandikia ndugu yake. Nilisema nina binti mwenye afya, hajawahi kulazwa, Kiingereza anakijua, ana heshima, hajui kukataa kazi. Nikasema tutashukuru kazi yoyote ile, hata kama ni mbali. Nikasema baba yake amekata tamaa na hatabisha. Mjomba wako hakujibu mpaka leo, unamjua.

Aliyejibu ni kale kamstari. Wiki hiyo hiyo kakaanza kuniuliza kwa Kiingereza cha upole kama nina binti aliyemaliza shule, kama nimewahi kufikiria kazi za hoteli Uarabuni. Mimi nilikapita kama nilivyopita nepi. Wewe ndiye uliyekuwa umesimama nyuma yangu siku ile umeniletea chai. Wewe ndiye uliyeandika namba ya simu kwenye kiganja.

Na mlipokwenda kule ghorofani, mlirudi mkisema ni Mungu. Baba yako alikuwa na machozi ya furaha. Akasema yule bwana, kabla hata hajaambiwa kitu, alisema anaona ni binti mwenye afya, asiyejua kukataa kazi. Akasema anaelewa mzazi hatabisha. Akasema, "Hata kama ni mbali, sivyo?" Nilikuwa nakoroga ugali. Niliyasikia maneno yangu yakirudi nyumbani kwangu kutoka kinywa cha mtu nisiyemjua, kwa mpangilio ule ule niliouweka kwa vidole vyangu, nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

Niliwaambia. Niliwaambia usiku ule na kesho yake. Baba yako akasema, "Wewe na kompyuta zako." Na wewe ukasema, "Mum, buda ameshikika, hana pesa, mimi niko tu hapa nachoma picha kila siku, najiaibisha. Hii ni chance yangu. Mbona unanichomea?"

  Mtu anayemzuia mtoto asitoke lazima awe na cha kumshikisha mkononi abaki nacho. Mimi nina nini? Nina benchi la ukumbini na moshi. Nina rafiki zako wawili wanaoshinda jalalani wakichambua plastiki, wasichana waliokuwa wakikushinda hesabu darasani. Nilitaka kukupeleka chuo cha taipu, lakini nani tena anatafuta mpiga taipu. Hivyo nimekuoshea nguo, nimekupigia pasi, nimekununulia dawa ya meno, kana kwamba naamini. Jana uliponiuliza kama nimefurahi nikasema ndiyo, nawe ukanikumbatia. Nisamehe kwa hilo.

Nilikwenda kwa Felix. Nilitaka aniambie ni akina nani walionunua habari zetu, niende nikawaone uso kwa uso. Aliniangalia kwa huruma, si mtoto mbaya. Akasema hata yeye hajui. Akasema zinauzwa kwa mtu, naye anauzia mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa hata nje ya nchi. Nikamwambia basi futeni jina langu. Akasema linaweza kufutwa hapa ukumbini, lakini kule lilikokwenda halifutiki. Nikaketi pale kwenye benchi nilipowakalisha watu wote wale wakininong'oneza shida zao. Nilijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu. Nilidhani nawaandikia watu barua, kumbe nilikuwa nawaweka sokoni mmoja mmoja, na mwisho nikamweka wangu.

Watu wanasema mwaka ukigeuka kuwa elfu mbili kompyuta zote duniani zitasimama. Mzee Kariuki anaomba zisisimame, kwa ajili ya mwanawe. Mimi naomba zisimame siku hiyo hiyo, hata kama taa zitazimika na maji yakatike. Halafu nakumbuka kwamba nikishazimiwa hizo sina njia nyingine ya kukusikia. Simu ya kimataifa huwezi, barua ya posta yule bwana amesema mtaipitisha ofisini kwao. Iliyobaki ni lile sanduku la bure, lenye jina langu na mambo ya kila mtu. Hapo ndipo utaniandikia, mbele ya mtaa mzima na mbele ya wale wanaolipa ndio watujue.

Kwa hiyo sasa nakuomba.

Usiandike humo lolote la kweli juu yako. Usiandike umechoka, wala unaumwa, wala umekonda, wala hawakulipi. Hayo yote yana mtu anayeyangoja. Andika unaendelea vizuri, chakula ni kizuri, joto ni kali, wasalimie wote. Nitawasomea watu, watafurahi, Mama Njeri atapiga vigelegele. Mimi sitaamini hata neno. Lakini ikiwa huko uliko pamekushinda, ikiwa wamekufungia, ikiwa kuna mkono wa mtu juu yako, maliza barua yako kwa kusema, "Nisalimie Mutheu."

Humjui Mutheu. Ni dada yako. Alikutangulia. Tulikuwa tukiishi Makadara wakati huo, chumba kimoja, na baba yako alimtengenezea kitanda kwa mbao za kreti ya soda, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama mkono. Alikuwa na nywele nyingi, na alipokuwa akilia alifumba macho kabisa kama mtu anayeomba. Hakukaa nasi hata mwaka. Kwetu mtoto akienda hivyo hatajwi, hasa ukipata mwingine, na nilipokupata wewe niliogopa hata kumfikiria, nisije nikakuletea mkosi. Tulihamia huku ambako hakuna aliyejua. Baba yako na mimi hatujawahi kulisema jina lake kwa sauti tangu siku ile. Sijalipiga kwa taipu, sijaliandika kwenye kadi ya kliniki yako walipouliza una ndugu wangapi, sikulijaza siku ile Felix aliponikalisha mbele ya kioo na kuniuliza watoto. Niliandika mmoja. Hapa nilipoliandika, juu ya mstari huu, ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona.

Ni kitu pekee changu ambacho hawajakinunua, na ndicho nakupa uondoke nacho.

Usiniulize nitafanya nini nikizipata salamu hizo. Sijui. Sina nauli ya kuja, sina mtu wa kumlilia, na sijui hata nitakuja wapi. Nitakwenda kusimama pale ghorofani mpaka wanifukuze, kisha nitarudi kesho yake. Pengine haitasaidia lolote. Lakini hutakuwa unateseka huku mimi nikiwasomea watu kwamba binti yangu amenenepa. Angalau hilo tutakuwa tumeliepuka sisi wawili.

Nasikia sauti yako kule kwenye kona, unamwambia mtu kwamba kichwa kinakuuma kwa kusukwa. Unacheka. Lazima nikunje karatasi hii kabla hujafika mlangoni, nami nitakuambia umependeza, na itakuwa kweli.

Basi kumbuka jina hilo, mama, na uichane barua hii ukishalishika. Siku utakayolitaja, kampuni nayo italisoma. Itaona nina binti wa pili ambaye haikuwahi kumjua, na jioni yake kale kamstari kataniuliza kwa upole kama Mutheu naye amemaliza shule, kama anatafuta kazi, kama angekubali hata kama ni mbali. Acha kamtafute. Yeye ndiye mtoto wangu mmoja asiyeweza kufikiwa.

Mama yako.